Mkunga na Ua wa Minyaa

Jina lake nalijua, na la mama yake nalijua, lakini hapa silitaji. Msidhani ni adabu. Najua wakubwa hawaitwi majina, nimelelewa, ila huyu simtaji kwa sababu zangu mwenyewe, na mkivumilia mpaka mwisho mtazijua. Nitamwita Mkunga, kama alivyoitwa na kila mtu kijijini kwetu, kuanzia jumbe mpaka mtoto anayetambaa. Ukimwamkia, "Shikamoo, Mkunga," hakukuuliza habari za nyumbani wala za shamba. Alijibu, "Marahaba. Kitovu chako kimesimama?" Ukisema kimesimama, aliridhika, akapita.

Nieleze hicho kitovu, maana bila hicho hamtaelewa kitu. Kijiji chetu kilikuwa mgongoni mwa Uluguru, juu ya Morogoro. Asubuhi ukitoka mlangoni uliona moshi wa Mafiga chini, na bonde la Mazimbu limefunikwa na ukungu. Wazee wa zamani walikizungushia kijiji ua wa minyaa, ile miti ya vijiti vya kijani isiyo na majani, kwa kuwaogopa wavamizi waliokuja kukamata watu. Mlango ulikuwa mmoja tu. Na desturi yetu ilikuwa hii: mtoto akizaliwa, kitovu chake kikidondoka, Mkunga alikipeleka kwenye ua, akakizika, na juu yake akapanda mnyaa mmoja. Huo ndio mnyaa wako mpaka unakufa. Ukiumwa, watu walikwenda kuutazama kabla hawajaja kukutazama wewe.

Mkunga aliijua yote. Alikuwa na mtindo wa kutembea kando ya ua huku mkono wake unagusa shina moja baada ya jingine, na kila shina analisema kwa sauti. "Huyu wa mke wa mhunzi, alitoka miguu kwanza. Huyu wa jumbe, kilio chake kama mbuzi. Huyu wako wewe, mama yako alinitukana matusi yote ya dunia." Tulipokuwa watoto tulimfuata nyuma tukingoja afike kwenye yetu. Akifika kwa mtu mchoyo au mvivu alikunja midomo, lakini alimtaja. Hakumruka mtu. Hata wezi aliwataja.

Mikono yake ilikuwa mipana, yenye harufu ya ugoro, na ulimi wake, loo! Mwanamke akishikwa na uchungu, akianza kuita mama yangu nakufa, Mkunga alimpiga kofi la paja. "Wakati wa raha hukuniita. Sasa wa uchungu ndio unaijua nyumba yangu? Kaza!" Alipokuja bibi harusi mmoja analia kwamba mumewe anampiga, alimwambia, "Na wewe huna mchi?" Yule binti akarudi nyumbani akautumia mchi, na mumewe akatembea kwa kuchechemea msimu mzima. Mkunga alicheka mpaka akashika mbavu.

Mwenyewe hakuzaa. Ni mwanamume mmoja tu aliyethubutu kumtania kwa hilo, kwenye pombe, mbele za watu. Mkunga alimaliza kibuyu chake, akaenda zake. Mke wa yule mtu alipopata uchungu na mume kuja mbio kumwita, Mkunga alikuwa anakula. Alimaliza ugali wake tonge kwa tonge. Akanawa. Akatafuta ugoro, akavuta, akapiga chafya. Mtu yule amepiga magoti mlangoni analia machozi. Ndipo akasema, "Haya, twende, maana na mimi nilikuwa tasa wa kusikia." Mtoto alitoka mzima. Lakini yule mtu hakunywa tena pombe pale alipo Mkunga.

Ngojeni, msije mkasema nampaka matope tu. Alikuwa na mambo mengine. Mwanamke jirani yetu alifiwa na mwanawe wa kwanza, na siku ileile ya maziko Mkunga alimwambia, "Nyamaza ukalime. Aliyekufa hali, aliye hai anakula." Sote tulimwona mchawi. Ila siku tatu zilizofuata shamba la yule mwanamke lilikuwa linalimwa alfajiri, na hakuna aliyejua na nani, mpaka mjomba wangu alipomkuta Mkunga kule mtamani, peke yake, ameinama. Alimtishia mjomba kwamba akisema atamkatia mnyaa wake. Mjomba hakusema mpaka alipozeeka.

Na hakuogopa mtu. Aliogopa vyura tu. Akimwona chura alipanda juu ya kinu na kupiga kelele kama mtoto. Lakini askari wa Mdachi, ambao wanaume wetu wakiwaona walikimbilia porini, yeye kwake walikuwa watoto wa watu. Siku moja askari mmoja aliyepita kutafuta kuku alikanyaga mnyaa mchanga wa mtoto wa siku nane. Mkunga alimshika mkanda wake wa ngozi, akamrudisha. "Umemkanyaga mtu. Inama umpande." Tulifumba macho tukingoja risasi. Yule askari alitazama huku na huku, akacheka, kisha akainama na bunduki yake mgongoni, akaupanda ule mnyaa. Kwa hiyo asije mtu akaniambia kwamba siku ya mume wangu Mkunga aliogopa. Hakuogopa hata kidogo.

Mume wangu jina lake Masanja. Alikuwa Mnyamwezi, mpagazi. Msafara ulimwacha kando ya kijito chetu ana homa, wakaondoka na mzigo wake. Mimi ndiye niliyekwenda kuteka maji nikamkuta. Alipopona hakuondoka. Alimlimia mjomba misimu miwili, na mjomba akaniozesha kwake. Kwetu mwanamume ndiye anayehamia kwa mkewe, kwa hiyo akakaa kwetu, na watoto wakizaliwa ni wa ukoo wa mama. Yeye mwenyewe hakuwa wa mtu. Kijiji kizima kilimwita Mpita Njia. Hata siku ya harusi walisema, "Mpita Njia ameoa." Alicheka nao. Usiku aliniuliza, "Mpaka lini?" Nikamwambia watazoea.

Sasa ule ua. Tangu Mdachi akae Morogoro, wavamizi walikoma, na watu wakaanza kusema ua wa nini. Wanawake wavivu walikata vijiti vikavu wakaviwashia moto. Mbuzi walijipenyeza, wakapanua. Mahali pengine minyaa ilirefuka ikaanguka yenyewe. Mkunga alipiga kelele miaka yote, "Pengo halina ndugu! Leo linaingiza mbuzi, kesho litaingiza mwenye meno!" Tulimwitikia ndiyo Mkunga, tukaenda zetu.

Kisha nguruwe wa porini wakaingia wakala mihogo, msimu mmoja, na wa pili. Halafu chui akapita mchana kweupe, akamchukua mbuzi wa mjomba pale uani, watoto wakimtazama. Siku hiyo Mkunga alikuja katikati ya kijiji na kinu chake kitupu, akakipindua, akakaa juu yake. "Nani ana la kusema?" Akatazama mlango baada ya mlango. "Basi ua utasimama kabla mvua hazijaja. Kila mtu na kitovu chake. Panda kulia kwako, panda kushoto kwako, mpaka mkono wako uguse wa jirani. Na asiye na mkono, nitamjua."

Nawaambieni, sijaona tena kazi ya namna ile. Alitufundisha upya hata tulichojua. Mnyaa unapoukata, upepo uwe mgongoni kwako na uso umegeuza, maana utomvu wake ukiingia jichoni ni moto. Ukishakata, usipande siku hiyo. Laza vijiti kivulini siku tatu, kidonda kikauke, la sivyo vinaoza. Panda bega kwa bega, funga kwa kamba za magome, jaza miiba chini. Alipita nyuma ya kila mtu na fimbo. Akiweza kupitisha ngumi yake kati ya vijiti viwili, aling'oa vyote na kukutupia miguuni. Mwanamke mmoja mwenye mimba kubwa alimng'olea mara tatu. Mara ya tatu yule mwanamke akaketi chini akalia, na Mkunga akamwambia, "Lia ukipanda."

Wanyonyeshaji walikaa karibu tayari. Maana tiba ya utomvu kwetu ilikuwa moja: maziwa ya mama, yakamuliwe moja kwa moja jichoni, haraka. Maji hayaguswi. Mkunga alisema maji yanauchochea. "Utomvu wa mnyaa hauogopi maji, unaogopa maziwa," tuliimba hivyo tangu utotoni. Nimekuwa mtu mzima, nina mvi, ndipo mtawa mmoja kule misheni alipomwosha macho mtoto aliyeingiwa na utomvu, kwa maji ya kisima, kata baada ya kata, na mtoto akaona. Nikamuuliza, haya maji tu? Akasema, maji tu, mengi, na mapema. Nilikaa chini pale kwenye sakafu ya misheni. Mtawa alidhani nina njaa.

Ua ulisimama wote isipokuwa pahali pamoja. Upande wa chini, kijitoni, palikuwa na pengo la hatua kumi na mbili. Ukoo wa pale ulikwisha wote kwa njaa ya zamani, hapakuwa na mwenye kitovu, na Mkunga hakuruhusu mtu apande juu ya wafu wa watu. Ndipo chui alipopitia. Watu walibishana siku mbili. Siku ya tatu Masanja alikwenda akapiga magoti mbele ya Mkunga. Nilikuwepo.

"Mkunga, pale hapana mwenyewe. Na mimi sina pangu. Nipe nipande."

Mkunga alimtazama, akavuta ugoro. "Wewe kitovu chako kiko wapi?"

"Unyamwezi, Mkunga. Mbali."

"Basi mbona unataka ua wa watu?"

"Nataka mwanangu akizaliwa asiulizwe baba yako alipanda wapi."

Nilikuwa na mimba ya miezi minne, na wote walijua. Wanawake wakaguna. Mkunga akalitazama tumbo langu, kisha akasema, "Panda." Neno moja tu. Masanja aliinuka, akanitazama, na furaha ile usoni mwake mimi bado ninayo. Nyumbani aliniambia, "Umesikia? Amesema nipande." Aliirudia kama mtu aliyepewa ng'ombe.

Alipanda safu tatu pale ambapo wengine walipanda moja. Siku nane alikuwa kule chini. Alijaza miiba, akasuka kamba, akaziba mpaka juu. Mkunga alipokuja na fimbo yake kupima, ngumi haikupita. Akajaribu kidole, hakikupita. Akasema, "Hapa hata nyoka ataomba ruhusa." Watu wakacheka, pombe ikanywewa, na Mkunga alipiga makofi ngoma ilipochezwa. Lakini Masanja alipomuuliza, mbele ya watu, "Sasa mimi ni wa hapa, Mkunga?" yeye alijibu, "Kunywa, Mpita Njia, pombe inapoa." Walicheka tena. Na mimi nilicheka, Mungu anisamehe, nilidhani ni utani.

Haukupita mwezi, askari wakaja. Walikuwa watatu, mchana, wakasimama kwenye ule mlango wetu mmoja. Wakati huo reli ilikuwa inajengwa kwenda bara, na kila kijiji kilitakiwa kutoa watu wa kubeba mataruma yanayolazwa chini ya reli. Chetu kilikuwa kimeshatoa, ila mmoja alikufa kazini, na askari walitaka mwingine mahali pake. Mmoja tu. Jumbe alipigisha kura za vijiti kwa vijana, na kura ikamwangukia mpwa wake mwenyewe, mtoto wa dada yake, ndiye angemrithi. Dada mtu akaanguka chini akagaagaa. Jumbe akamshika mkono kumwinua. Akamgeukia Mkunga.

Mkunga hakufikiri hata kidogo, hilo ndilo linaloniua. Alisema kama mtu anayechagua muhogo wa kumenya. "Huyu kitovu chake kimo uani. Mtoeni asiye na kitovu."

Masanja alikuwa amesimama nyuma yangu. Alimwambia, "Mkunga, mimi nimepanda."

"Umepanda. Hukuzaliwa."

Alikimbia. Mlangoni walikuwa askari, kwa hiyo alikimbia upande wa chini, kijitoni, ambako miaka yote kulikuwa na njia. Tulimkuta amejitupa kwenye ile kazi yake mwenyewe. Safu ya kwanza ameivunja, ya pili imemshika, miiba imemng'ang'ania, na vijiti vilivyovunjika vinamwagia utomvu usoni kote. Askari walimvuta kwa miguu. Mmoja wao aliutikisa ule ua kwa mkono, akashangaa, akauliza, "Nani kapaziba hivi?" Mtu mmoja akajibu, "Yeye mwenyewe." Wakacheka. Si askari tu. Watu wetu walicheka, watu ambao walikula mihogo kwa sababu ya ua ule.

Walimfunga kamba shingoni. Macho yamevimba, anauliza, "Mke wangu yuko wapi?" nami nimesimama mbele yake. Mimi sikuwa na maziwa bado. Nililia nikiwaomba wanyonyeshaji, na walikuwepo watatu. Mmoja, Mungu amlipe, alikwisha fungua kaniki yake na kupiga hatua. Mkunga akamwekea mkono kifuani. "Mtoto wako atakula nini? Maziwa yakivuka ua hukauka. Huyu ni wa Mdachi sasa." Yule mwanamke akajifunga kaniki yake. Na mtungi wa jumbe ulikuwa pale pale kivulini, umejaa maji, kata juu yake, na hakuna mmoja wetu aliyeufikiria, mimi wala yeye wala Mkunga.

Wakaondoka naye akijikwaa. Mtu mmoja aliyerudi kutoka relini alisema alimwona ng'ambo ya Kilosa, amefungwa kwenye mstari wa wabebaji ili asipotee, macho meupe. Baada ya hapo sikusikia tena.

Mtoto alipokuja, nilisema afadhali nife kuliko mikono ile inishike. Nilijifungia ndani. Siku ya pili mtoto hajatoka, mjomba akavunja mlango, na Mkunga akaingia. Nilimtemea mate. Alijifuta kwa kiganja, akasema, "Tema, lakini sukuma." Mtoto alitoka wa bluu, hana sauti. Alimfyonza pua na kinywa kwa mdomo wake, akatema, akafyonza, akampulizia, akampiga nyayo, akawa anamwambia, "Wewe! Wewe! Usinitie aibu!" Kwa muda mrefu sana. Wanawake wengine walikwisha inua mikono kichwani. Kisha mtoto akalia. Mkunga akaketi chini ukutani akiwa amechoka kabisa, na nikamwona machozi, mara ya kwanza na ya mwisho. Ukiniuliza mwanangu ni hai kwa sababu ya nani, nitakwambia ni kwa sababu ya mwanamke yule. Sikatai. Nilipomwambia azike kitovu kule chini, kwa baba yake, alisema, "Mtoto ni wa mama," akakizika kwenye minyaa ya bibi yangu.

Sasa lile pande la Masanja. Ua ukishapandwa hupogolewa kila mwaka, kila mtu chake. Mimi nilisema sina mume, sina ua, siendi. Hakuna mwingine aliyetaka, wakaogopa mahali pasipo na mwenyewe. Safu zile tatu zilistawi kuliko zote kijijini, zikafunga njia ya maji, zikainamia kijito. Mkunga alisema siku nyingi, hakuna aliyekwenda. Basi akachukua panga, akaenda peke yake, kizee kile.

Ilikuwa asubuhi, jua limepanda. Watu wote walikuwa mashambani upande wa pili wa mlima, na wanyonyeshaji wengine na watoto wao mgongoni. Mimi nilibaki kwa sababu mwanangu alikuwa na joto. Alikuwa amelala ndani. Nimekaa mlangoni nachambua mboga, nikamwona anakuja kando ya ua, uso umeloa weupe wa utomvu, mkono mmoja umeshika vijiti, mwingine umenyooshwa mbele. Upepo ulimgeuka. Upepo wa mlimani hugeuka, yeye ndiye aliyetufundisha.

Akafika uwanjani kwangu. Akasimama.

"Nani yupo?"

Niliendelea kuchambua.

"Nasikia harufu ya mboga inachambuliwa. Ni wewe." Akapiga magoti pale vumbini, akainua uso wake juu, macho yamefumba yanatiririka. "Nikamulie, mwanangu. Upesi."

Mwanangu, alisema. Matiti yangu yalikuwa yamejaa tangu alfajiri, mtoto hakutaka kunyonya kwa ule ugonjwa wake, yalikuwa yananiuma. Nilikuwa natamani mtu yeyote aje ayapunguze. Na mlangoni, karibu na goti langu, mtungi wa maji umejaa. Mimi sikuutazama, naye hakuuomba. Sote wawili tulijua kwamba maji yanachochea.

Nikamwambia, "Mtoto wangu atakula nini?"

Nilimwona anayatambua maneno yake. Midomo yake ilifunguka kidogo. Nilifurahi. Nisiwadanganye, nilifurahi, nikaweka mboga chini. Nilitaka aombe. Nilitaka aseme nimekosa, nilikosa, au anitukane, chochote. Kama angeomba mara ya pili, sijui ningefanya nini.

Hakuomba. Alisema, "Sawa." Akainuka kwa kushika goti lake, akapapasa mpaka mkono ukaufikia ua, akaanza kurudi kwake. Nyumba yake ilikuwa upande mwingine, na njia ni kuufuata ua kwa upande wa chini. Akaanza kutaja, kama zamani, ili ajue amefika wapi.

"Huyu wa mhunzi. Huyu wa mke wa mhunzi, miguu kwanza. Huyu wa mtoto wake. Huyu wa jumbe."

Ndani mtoto akaamka, akalia. Maziwa yakanitoka yenyewe, yakapita kwenye kaniki, yakadondoka magotini, yakadondoka chini. Sikuyazuia. Nilikuwa nimesimama, nasikiliza. Nilijua baada ya mnyaa wa mke wa mwindaji linafuata pande la Masanja, hatua kumi na mbili, zile safu tatu. Nikasema moyoni, akimtaja nakimbia. Akisema hata Mpita Njia, nakimbia, namkamulia yote, namwongoza mpaka nyumbani kwake. Neno moja tu, kama lile la kwanza alilompa.

"Huyu wa mwindaji. Huyu wa mke wa mwindaji."

Akafika. Mkono wake ukagusa shina la kwanza la Masanja, ukagusa la pili, la tatu. Hakumtaja. Nilizihesabu hatua zake zote kumi na mbili, mkono unapita juu ya vijiti vile, na mdomo umefungwa. Kisha ng'ambo ya pili sauti yake ikarudi ileile.

"Huyu wa fundi wa mikeka. Huyu wa dada yake."

Nikaingia ndani nikamnyonyesha mwanangu.